Msomaji wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza. Watoto wa mtaa mzima wako nje wanapiga kelele. Chumba changu kina viti vidogo ishirini na vinne na mtu mmoja, ambaye ni mimi.

Bosi ameniita asubuhi. Bosi ni Mkutubi Mkuu wetu, mtu wa maneno machache na takwimu nyingi. Amesema likizo iliyopita watoto waliazima vitabu tisini tu, na shule zilipofunguliwa walimu walilalamika kwamba watoto wamesahau hata kusoma ratiba. Safari hii anataka vitabu mia tano kufikia Ijumaa ya tarehe 22. Visipofika, chumba cha watoto kinafungwa na kugeuzwa ghala la magazeti ya zamani. Mimi nitashushwa chini, chumba cha gundi, kubandika vitabu vilivyochanika.

Chumba cha gundi hakina dirisha! Aliyekuwa huko kabla alistaafu akiwa haongei tena na watu.

Kurudi chumbani kwangu, namkuta Mama Magazeti. Ndiye mkuu wa kitengo cha magazeti na adui yangu wa miaka tisa. Ameshika futi kamba, anapima ukuta wangu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anapita tu. Anapita na futi kamba!

Nimeapa. Nimefanya kazi humu miaka kumi na mmoja. Ni mahali pekee duniani ambapo watu huniita mwalimu, hata kama watu wenyewe wananifika kiunoni. Chumba hiki sikitoi. Ng'o!

Jumanne, 5 Agosti

Mbinu ya kwanza: peremende. Kitabu kimoja, peremende moja. Nimetangaza kupitia dirishani. Kufikia adhuhuri nimejaza chumba, sina pa kukanyaga.

Wanasoma kwa kasi ya ajabu. Mmoja amemaliza kurasa mia mbili kwa dakika nne. Nikamuuliza kitabu kinahusu nini. Akajibu kinahusu mambo mengi. Sikutaka kumvunja moyo.

Vitabu sitini na kimoja kwa siku moja! Nimepita mbele ya dawati la Mama Magazeti nikipiga mluzi.

Jumatano, 6 Agosti

Bosi amefuta vyote sitini na kimoja. Kuna mtu amemnong'oneza. Sitaji mtu, ila ana futi kamba.

Isitoshe sisimizi wameingia. Wamepanga mstari kutoka mlangoni hadi rafu ya hadithi za wanyama. Ama kweli, mpanda ngazi hushuka.

Leo amekuja mtoto mmoja tu, tena wa kutumwa. Mpwa wangu, ana miaka kumi, ameniletea chakula cha mchana. Naishi kwao. Mama yake ni dada yangu mkubwa, fundi wa kushona, aliyenipa chumba cha nyuma kwa wiki mbili miaka sita iliyopita. Mpwa amewatazama sisimizi, amenitazama mimi, akasema Mjomba, watoto hawataki peremende. Wanataka mtu wa kumshinda.

Akaenda zake. Mimi chakula kikanipalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Wanataka mtu wa kumshinda. Mtu huyo hayupo. Basi nitamtengeneza!

Wasomaji wangu walioandikishwa ni arobaini kamili. Nimetoa kadi mpya, nikaandika Namba 41. Mimi ni mtu wa kazi, kadi yenye nafasi wazi huniumiza tumbo, kwa hiyo nikajaza. Jinsia: msichana. Umri: miaka kumi. Shule: nyingine. Makazi: nikakwama kidogo, nikaandika Maktabani, ili asiwepo wa kwenda kumtafuta kwao. Maoni: mpole, hasumbui, anapenda kusoma kupindukia. Ipo sehemu inayouliza mtoto atachukuliwa na nani saa kumi na moja jioni, maana kanuni haziruhusu mtoto kuondoka peke yake. Hapo nikapiga kistari.

Jina nimeliacha wazi makusudi. Tumbo limeuma lakini nimevumilia. Ukiandika jina la mtu asiyekuwepo, huo ni uongo. Ukiacha wazi, huo ni uzembe tu, na hapa uzembe haujawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Mwisho kabisa: Mdhamini. Bila mdhamini, kadi si kadi. Nikatia sahihi yangu.

Nikamgongea mhuri vitabu sita. Pale ubaoni, ambapo huwa tunaweka namba tu tangu baba mmoja aje kugombana kwa nini jina la mwanawe liko mkiani, nikaandika juu kabisa: 41, vitabu sita. Nikarudi nyuma hatua mbili kuutazama. Wengine wamepewa uprofesa kwa mambo madogo kuliko haya.

Ijumaa, 8 Agosti

Imenasa! Watoto wamekuja kuchukua mpira ulioingia uani, wameuona ubao. Zogo! Nani huyo? Anatoka wapi? Nimewaambia ni msichana mpole, huja mapema. Wakasema anaringa. Nikasema haringi, anasoma. Hapo ndipo walipokasirika kabisa.

Vitabu hamsini na vinane vimetoka kabla ya kufunga, na vimetoka kwa hasira. Kabla sijaondoka nimempandisha Arobaini na Moja mpaka tisa, ili wasije wakazubaa.

Mhuri nimeufungia kwenye droo. Ufunguo uko shingoni mwangu, kama siku zote.

Jumatatu, 11 Agosti

Jambo dogo. Huenda hata si jambo.

Kadi ya Arobaini na Moja ina vitabu kumi na vinne. Mimi nilimwacha na tisa. Vitano vya nyongeza vimegongwa mhuri wetu, wino wetu wa zambarau, vimenyooka vizuri kuliko ninavyogonga mimi. Tarehe: 10 Agosti.

Tarehe 10 ilikuwa Jumapili. Jumapili maktaba ina kufuli mbili na mlinzi. Nimemuuliza mlinzi. Amesema hakuna aliyeingia. Kisha akaniuliza kama nimeanza kuwaruhusu watoto kubaki ndani, kwa sababu alisikia kurasa zikifunuliwa.

Ni Mama Magazeti, huyo! Ametafuta ufunguo wa bandia, anataka kuniharibia hesabu. Vitabu vyenyewe nimevikuta kwenye kiti kidogo cha pembeni, kile kinachotazama ukutani ambacho hakuna mtoto anayekipenda. Vimepangwa, kikubwa chini, kidogo juu. Kile cha juu kilikuwa na vuguvugu. Jua la dirishani, bila shaka.

Dirisha liko upande wa pili, lakini jua huzunguka.

Jumanne, 12 Agosti

Vitabu mia moja na arobaini. Mambo yananyooka!

Ila watoto wamekuwa na tabia mpya. Wanaketi mkekani kwa kubanana, mabega kwa mabega, na karibu na kile kiti cha pembeni wanaacha nafasi ya kumtosha mtu mmoja. Nikawaambia wajisogeze, nafasi ipo. Wakanitazama kama mtu aliyesema jambo la aibu mbele ya wageni.

Saa saba hivi, joto kali, feni inazunguka polepole, chumba kimya kabisa. Mara watoto wote kumi na tisa wameinua vichwa kwa pamoja, wametazama pembeni, wameangua kicheko. Kile kicheko cha watu waliosikia kichekesho kizuri. Kisha wakarudi vitabuni.

Sikusikia kichekesho chochote. Nimecheka pia, kwa kuchelewa. Nikajiona mjinga.

Nilipomuuliza mpwa njiani kwenda nyumbani wanamcheka nani, akasema hawamcheki mtu. Ni yule mwenzao wa arobaini na moja, ana maneno. Nikamwambia hebu aniambie mwenyewe, yukoje huyo. Akafikiri, akasema hawezi kueleza vizuri, kwa sababu kila mara anakuwa ameinamia kitabu.

Nikamwambia watoto wa siku hizi wana ubunifu sana. Akasema hata wajomba.

Alhamisi, 14 Agosti

Mimi si mtu wa kutishwa na kiti. Nimeamua kufanya jaribio, kitaalamu kabisa. Jana jioni nimechukua kitabu kutoka chumba cha watu wazima, Mwongozo wa Mabomba na Maji Taka, kurasa mia nne, hakuna picha hata moja. Nimekiweka kwenye kile kiti. Kama hapo kuna mtoto wa miaka kumi, nikawaza, atakimbia mwenyewe.

Asubuhi nimekikuta juu ya meza yangu. Kadi yake imegongwa mhuri. Nikajitia ujasiri. Watoto walipofika nikatangaza kwa sauti, nikiwa nimeelekea pembeni, kwamba kitabu hicho nimekisoma chote mwenyewe na ni kizuri sana.

Kisha kitoto kimoja, kidogo kuliko wote, kikanivuta shati. Kikasema kwa heshima kwamba Arobaini na Moja anasema Mwalimu hujakisoma, uliishia ukurasa wa tatu ukalala.

Ukurasa wa tatu! Kweli tupu! Niliwahi kukijaribu usiku mmoja mwaka jana, peke yangu, chumbani kwangu nyumbani!

Sasa ndiyo naelewa kwa nini wanasoma. Mpwa amenieleza wakati wa chakula, kama mtu anayeeleza kanuni za mchezo wa kawaida. Ukimaliza kitabu unaenda pembeni kumsimulia. Akikuta uliruka kurasa, anakuambia uliruka zipi. Hagombi. Anakuambia tu, taratibu, na masikio yako yanapata baridi. Na ukisimulia vizuri anauliza maswali. Maswali gani, nikataka kujua. Akasema anauliza watu wa kitabuni walikwenda wapi kilipoisha. Nani aliwafungulia mlango. Kama walifika.

Vitabu mia mbili na kumi. Nimekula nusu ya chakula changu.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama Magazeti amevamia. Amekwenda moja kwa moja kwenye sanduku la kadi, ametoa ya Arobaini na Moja, ameisoma kwa sauti mbele ya watoto. Jina hakuna! Makazi, Maktabani! Mdhamini, nani? Akanitazama kama aliyeokota almasi. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho. Akasema huyo mtoto hayupo, hajawahi kuwepo, na atalithibitisha sasa hivi.

Akavuta kile kiti cha pembeni akakikalia. Mwili mkubwa, kiti kidogo. Watoto wakashika midomo.

Amekaa kwa muda wa pumzi tatu. Nimezihesabu. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu anayesikiliza. Akainuka taratibu sana. Akakipangusa kiti kwa kiganja. Akasema, si kwangu wala si kwa watoto, samahani mwanangu, sikujua.

Akatoka. Futi kamba ameisahau mezani kwangu. Nimemfuata hadi korido nikamuuliza nini kimetokea. Amesema hakuna kilichotokea, ameombwa tu apishe. Aliombwa kwa adabu. Ni hiyo adabu ndiyo iliyomtia baridi.

Ningepaswa kufurahi. Adui kashindwa! Nimejaribu kupiga mluzi, hautoki.

Jumatatu, 18 Agosti

Balaa. Bosi ametangaza kwa makao makuu kwamba tuna mtoto aliyesoma vitabu sabini na vitatu kwa siku kumi na moja. Makao makuu wamefurahi. Mkaguzi anakuja keshokutwa, saa nne, kumpa mkono na cheti.

Nimemwambia Bosi kwamba mtoto ana haya. Bosi akasema haya si ugonjwa. Nikamwambia amesafiri. Bosi akanyoosha kidole ubaoni: jana amesoma vitabu vinne. Jana ilikuwa Jumapili, lakini Bosi haangalii siku, anaangalia jumla.

Mchana nimesinzia mezani, nikaota kiti. Nimeamka na mpango. Mpwa ana miaka kumi. Ni msichana. Ni msomaji. Atasimama, atapokea cheti, atatabasamu, kwisha kazi!

Mpwa amekataa. Nimeahidi viatu. Amekataa. Nimemwomba dada amshawishi. Dada, sindano mdomoni, amesema hakumzaa mwanawe ili awe mtoto wa kadi. Nikamwambia nitapelekwa chumba cha gundi. Akasema angalau huko nitashikamana na jambo moja.

Jumanne, 19 Agosti

Nimembembeleza mpwa siku nzima. Mwisho amekubali kuja saa nne kamili na gauni la kijani, kwa sharti kwamba nimwombe ruhusa mwenyewe kwanza. Nani? Nikauliza, ingawa nilijua.

Kwa hiyo leo, saa kumi na moja na nusu, watoto wamekwishachukuliwa, nimesimama mbele ya kiti kitupu, mimi mtu mzima mwenye cheti cha ukutubi, nikiomba ruhusa. Nimesema ni kwa faida ya wote. Nimesema cheti kitabaki kuwa chake. Nimesema mambo mengi, nikitazama ukuta.

Nilipozima feni nikasikia ukurasa mmoja unafunuliwa, pole pole, kama mtu aliyesikia vizuri na hataki kusema kitu. Nimeacha taa inawaka. Umeme ni wa serikali.

Vitabu mia nne na viwili.

Jumatano, 20 Agosti

Saa nne na dakika tano mpwa hajafika. Nimekimbia kumfuata nyumbani. Nimepishana naye, yeye kapitia barabara ya mbele, mimi ya nyuma. Nimerudi natweta, shati limelowa, namkuta yeye na gauni lake la kijani ameketi ngazini nje ya maktaba. Kwa nini hayuko ndani? Akasema hahitajiki.

Mkaguzi alikuwa anatoka. Mzee nadhifu, miwani ya kamba. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akanipongeza. Amesema katika miaka thelathini ya ukaguzi hajaona mtoto kama yule. Wameongea robo saa. Kila alichomuuliza kuhusu kwao, akasema aulizwe mdhamini wake. Cheti amekipokea kwa mikono miwili, ameshukuru. Ila, akasema akishusha sauti, mtoto yule ana mikono ya baridi, niangalie kama anakula.

Nikamwuliza, kwa uangalifu, amefananaje leo. Akavua miwani akaifuta. Akasema ajabu, amemwangalia muda wote ule na anachokumbuka ni utosi tu.

Ameenda garini akitembea kama mtu aliyesahau kitu. Bosi amenipigia saluti. Mama Magazeti, dirishani kwake, amefunga pazia.

Nimeingia chumbani. Watoto wanasoma. Cheti kimebandikwa ukutani mbele ya kile kiti, chini sana, kimo cha mtu aliyeketi. Sehemu ya jina iko wazi.

Ijumaa, 22 Agosti

Mia tano na kumi na saba! Chumba kimepona! Bosi ametamka maneno tisa mfululizo, nimeyaandika: amesema kazi nzuri, chumba hakifungwi, endelea, likizo ijayo mia sita. Nimelia kidogo nyuma ya rafu ya ramani. Siogopi kusema. Miaka kumi na mmoja!

Saa kumi na moja wazazi wamekuja kwa mara ya mwisho, shule zinafunguliwa Jumatatu. Mmoja mmoja watoto wamechukuliwa, na kila mmoja kabla ya kutoka amekwenda pembeni, ameinama, amesema kitu, amepunga mkono. Mpwa amebaki wa mwisho. Alikuwa na machozi. Nikamwambia asilie, tumeshinda.

Akasema Mjomba, yeye anauliza atachukuliwa lini.

Sikuelewa. Akanieleza. Kila siku saa kumi na moja Arobaini na Moja hufunga kitabu, huweka miguu pamoja, hutazama mlango. Kila mtoto huitwa. Yeye haitwi. Halafu mlango unafungwa, taa zinazimwa, anafungua kitabu kingine, kwa kuwa hana la kufanya. Ndiyo maana vitabu vya Jumapili ni vingi. Hasomi kwa kupenda tu, Mjomba, akasema. Anasoma huku anasubiri.

Nimekwenda nikatoa kadi. Atachukuliwa na. Kistari changu, kimenyooka, wino mweusi. Nilikichora nikiwa nakunywa chai.

Nimejisikia vibaya sana. Sijui niseme vipi. Nilimwambia mpwa kwamba mdhamini anaweza kufunga kadi: huandika neno Amemaliza, hutia sahihi, na msomaji yuko huru. Akaniomba niandike sasa hivi. Nikasema Jumatatu, kwa utulivu, jambo kama hili halitaki haraka. Akasema niahidi, na niahidi pia kwamba sitaandika tena mtu yeyote asiyekuwepo. Nimeahidi yote mawili, mkono kifuani.

Jumatatu, 25 Agosti

Shule zimefunguliwa. Chumba kitupu. Saa tatu asubuhi kulikuwa na kitabu juu ya meza yangu, kimefunguliwa ukurasa wa kwanza, kimenielekea mimi.

Nimeelewa. Wa kumsimulia hakuna tena. Nikasoma kwa sauti. Kilipoisha kikaletwa kingine, sikuona kimeletwaje, nilifumba macho kupiga chafya tu. Nimesoma vitabu vinne. Koo limekauka. Na kila kilipoisha, kimya kikajaa chumbani, kimya cha mtu anayengoja jibu, na mimi sijui hao watu walikwenda wapi wala nani aliwafungulia.

Alasiri nimetoa kadi niandike Amemaliza. Nimeshika kalamu. Nimeandika A.

Hapo nikafikiri. Likizo ijayo mia sita. Bila yeye, nani atawafanya wasome? Mama Magazeti amekuja leo kuchukua futi kamba yake, na akiichukua ameutupia jicho ukuta wangu, hofu yake imeanza kupoa. Halafu, kusema kweli, nimemzoea. Kumwambia mtoto nenda, bila kujua anakwenda wapi, si kumfukuza huko?

Anachohitaji si kufukuzwa, ni mtu wa kumchukua. Na kanuni ziko wazi: mtoto anaweza kuchukuliwa na ndugu yeyote aliyetimiza miaka kumi na nne. Loo! Mbona rahisi!

Mpwa nilimwahidi, najua. Lakini nilimwahidi kuhusu mtu yeyote asiyekuwepo. Huyu ni ndugu wa mtu aliyepo. Ni tofauti kabisa.

Nimetoa kadi mpya. Namba 42. Jinsia: mvulana. Umri: kumi na tano. Udugu: kaka yake 41. Kwenye Maoni nikaanza kuandika mpole, nikafuta. Wapole wawili watalala. Nikaandika: mbishi, hakubali kushindwa, ataongeza ushindani. Mdhamini, sahihi yangu. Kisha nikachukua kadi ya dada yake, nikafuta kile kistari kwa kiwembe, na mahali pake nikaandika kwa hati nzuri: kaka yake.

Pakabaki sehemu moja ya kadi mpya. Makazi. Siwezi tena kuandika Maktabani, maana amchukue ampeleke wapi? Nilitaka kuandika nyumbani kwa Mama Magazeti ila sijui namba ya nyumba yake, na saa ya ukutani ilikuwa inagonga kumi na moja. Nafasi wazi huniumiza tumbo. Nikaandika anwani ninayoijua.

Nikasikia kiti kidogo kikirudishwa nyuma, taratibu, kwa adabu. Kisha kingine kikasukumwa kwa teke.

Nimetembea kwenda nyumbani bila kugeuka. Barabara ilikuwa na watu, jua bado lipo, mbwa wa jirani ambaye hunibwekea kila siku leo ameingia uvunguni mwa gari. Nyuma yangu hatua nyepesi, zimelingana. Na nyingine za kuburuta viatu.

Dada amefungua mlango, futi ya kushonea shingoni. Akanitazama usoni. Kisha akatazama chini, kulia kwangu. Kisha kushoto kwangu, juu kidogo. Mpwa alikuwa nyuma yake. Alipoona, akafunika macho kwa viganja akasema jina langu la Mjomba kama mtu anayesoma hukumu.

Dada hakupiga kelele. Amewapisha waingie. Akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini sana mama yao yuko wapi.

Swali zuri. Sijui kwa nini sikulifikiria mwenyewe. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nimeingia chumbani kwangu, nimefunga mlango, nimetoa mfukoni kadi moja tupu. Namba 43. Umri nitaupanga. Kwenye Maoni nimekwisha anza: mpole, mcheshi, mpishi hodari, hajaolewa.